Kunywa chai au 'brekifasti'? Jina la mlo wa asubuhi lilivyotupoteza Mombasa

SIKU chache zilizopita tulikutana Mombasa watu wanne ambao tumezeekea katika kazi ya kusahihisha makala na tasnifu za Kiswahili. Mmoja alitoka Dar es Salaam, mwalimu mstaafu ambaye sote twamwita Dada ingawa ametupita kwa mwaka mmoja tu. Wa pili ni Sheikh, rafiki yetu wa Unguja anayependa mashairi kuliko usingizi. Wa tatu ni mhariri wa Nairobi. Wa nne ni mimi. Kazi iliyotukutanisha ilimalizika Ijumaa jioni, nasi tukakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi tujipongeze kwa mlo mzuri, mahali pa hadhi, kisha kila mtu ashike njia yake.

Usiku huo ujumbe ulianza kupishana katika simu zetu. Mhariri aliuliza: "Kiamshakinywa ni saa ngapi?" Dada akajibu: "Kifungua kinywa kisipite saa mbili, nina basi la saa sita." Mimi, kwa mazoea ya darasani, nikaandika kwamba staftahi iwe saa mbili kamili. Sheikh akakata maneno: "Chai tutakunywa wapi?" Watu wanne, njaa moja, majina manne. Nilicheka peke yangu, nikazima taa. Sikujua kwamba kufikia saa nne ya siku iliyofuata kicheko hicho kingekuwa kimenigeukia.

Kabla sijasimulia yaliyotupata, tuyapime majina hayo, maana kila moja lina nasaba yake na hakuna lililo haramu.

Tuanze na 'kifungua kinywa', jina linalotawala Tanzania. Limeundwa kwa kitenzi 'fungua' na nomino 'kinywa'. Kitenzi chenyewe ni kinyume cha 'funga', kama vile 'ziba' na 'zibua' au 'choma' na 'chomoa'. Ikumbukwe pia kwamba mtu asiyekula kwa ibada tunasema 'amefunga'. Kwa hiyo anayelala usiku kucha bila kula huamka akiwa amefunga kinywa, na chakula cha kwanza ndicho kinachokifungua. Hapa lugha yetu imekutana na nyingine bila kuigana. Jina la Kiingereza la mlo huu nalo maana yake ya asili ni kuvunja mfungo. Waarabu huuita kwa neno lenye mzizi ule ule uliotupa sisi 'futari' na 'kufuturu'. Tofauti ni kwamba sisi tulilichukua neno hilo tukalipeleka jioni, wakati wa Ramadhani, na asubuhi tukaiachia majina mengine.

La pili ni 'staftahi'. Hili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliomo katika jina Fatiha, sura inayofungua Kurani. Maana yake, tena, ni kufungua au kuanza. Ubora wa 'staftahi' ni kwamba hutumika kama nomino na kama kitenzi: tunaweza kula staftahi, na tunaweza kustaftahi. 'Kifungua kinywa' hakina uhuru huo.

La tatu ndilo linalozua mzozo kila mara katika madarasa ya Kenya: je, ni 'kiamshakinywa' au ni 'chamshakinywa'? Wanaoshikilia 'chamshakinywa' hutumia kanuni ya kifonolojia. Kiambishi KI- kinapokutana na mzizi unaoanza kwa irabu, aghalabu hugeuka CH-. Ndiyo sababu tunasema 'chanzo', si 'kianzo', na 'chombo', si 'kiombo'. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, KI- na 'amsha' yatupe 'chamsha', na wingi uwe 'vyamshakinywa'. Wanaotetea 'kiamshakinywa' nao wana mashahidi wao: 'kiapo' kimetokana na 'apa', 'kiongozi' ametokana na 'ongoza', 'kiumbe' kimetokana na 'umba', na hakuna aliyewahi kudai tuseme 'chapo', 'chongozi' au 'chumbe'. Hukumu yangu ni kwamba kanuni ya CH- ina nguvu lakini haina ukamilifu, na kwamba mwalimu asimkate mwanafunzi alama kwa lolote kati ya haya mawili. Muhimu ni picha iliyomo: kinywa kimelala, nacho chakula kinakiamsha.

Liko pia jina la tano ambalo hakuna aliyelitaja usiku ule, nalo ni 'kisebeho'. Limo katika kamusi, ingawa midomoni halisikiki sana. Ni ndugu wa 'asubuhi' na wa salamu ya 'sabalkheri', ambayo wazee wa Pwani bado huitoa mapema kabla jua halijachoma.

Na 'chai' ya Sheikh? Hiyo ndiyo inayotumika kuliko zote. Ukiamkia nyumba ya Mswahili ukaulizwa, "Umekunywa chai?", usijibu kwamba hukunywa chai bali umekunywa uji. Unaulizwa kama umekula. Kikombe kimebeba jina la sinia zima, na wanaisimu huita tabia hiyo ya sehemu kusimamia kitu kizima kwa majina marefu ambayo hayana haja hapa. (Maana nyingine ya 'chai', ile ya kumlainisha mwenye ofisi, tuiache leo. Haifai kuliwa asubuhi.)

Basi, Jumamosi saa mbili kasorobo tulikuwa tumesimama Biashara Street. Dada alikuwa ameapa kwamba hawezi kurudi Dar bila leso za Mombasa. Kwa asiyeijua barabara hiyo, inaanzia Digo Road, karibu na soko ambalo kila mtu hapa huliita Markiti, na kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitovu cha biashara ya leso na vikoi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo watu hulijua zaidi kwa alama ya leso zake ya 'Mali ya Abdulla', linahesabu historia yake tangu 1887. Yaani lilikuwapo kabla ya reli.

Dada huita nguo hizo kanga. Mombasa ni leso, neno lililotokana na Kireno, ambako lilikuwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Leso huuzwa doti, yaani mbili zisizokatwa, na kila moja ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina. Sikiliza hapo: jina. Leso isiyo na maandishi ni kitambaa tu. Mwanamke wa Kimvita haulizi kwanza rangi, huuliza, "Yasemaje?" Kwa zaidi ya miaka mia moja barabara hii imekuwa ikiuza nguo na maneno kwa bei moja, na maneno hayo ni ya Kiswahili. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Biashara Street ni maktaba ambayo vitabu vyake huvaliwa.

Dada alipokuwa akisomewa majina, mimi nilimgeukia kijana aliyekuwa akikunja doti kwenye kaunta. Nikamwuliza ni wapi karibu hapo watu wazima wanne wangepata chakula kizuri cha asubuhi. Kijana alitutazama kuanzia viatu hadi miwani, kisha akauliza kwa adabu kabisa:

"Ami, mwataka kunywa chai ama mwataka brekifasti?"

Nikamwuliza kuna tofauti gani. Alionekana kushangaa kwamba mtu wa makamo yangu hajui. "Chai ni hapo nyuma, kuna mama yuwauza mahamri na mbaazi, na viazi vya karai. Brekifasti ni kule kwenye hoteli za kisasa, mwakaa kwenye AC."

Msomaji, nimesoma vitabu vingi kuhusu hadhi ya lugha. Nimeandika baadhi. Sijawahi kuliona jambo hili likielezwa kwa ufupi na kwa usahihi kama alivyolieleza kijana yule akiwa na doti mkononi. Mlo ni ule ule, wa saa ile ile, lakini umekuwa milo miwili. Wenye jina la Kiswahili ni wa bei nafuu, uko uchochoroni, unaliwa kwenye benchi. Wenye jina la Kiingereza una kiti cha kuegemea. Waisimujamii huliita jambo hili mgawanyo wa majukumu kati ya lugha mbili: moja hupewa nyumba, soko na mapenzi, nyingine hupewa ofisi, shule na fahari. Kwa kuwa tulikuwa tumeahidiana mahali pa hadhi, tukachagua brekifasti.

Kwanza nitaje ugumu wa neno 'hadhi' lenyewe, kwani asubuhi ile lilitutesa. Mhariri alipendekeza 'mkahawa wa kifahari'. Sheikh akamtania kwamba kuna magazeti ambayo yangeandika 'wa kifahali', na tukajiuliza kama humo wanaokula ni ng'ombe. Hili si mzaha mtupu. 'Fahari', kwa R, ni utukufu, ubora au majivuno. 'Fahali', kwa L, ni dume la ng'ombe, na ndio wawili wasiokaa zizi moja. Dada alisema vijana wa kwao wangesema mahali 'pa kishua'. Nairobi wangesema 'pa mabwanyenye' au 'pa masonko'. Mimi nilishikilia 'pa hadhi'. 'Kifahari' hutazama mapambo, 'kishua' na 'mabwanyenye' hutazama mfuko wa mteja, ilhali 'hadhi' hutazama heshima anayopewa mtu akiingia. Shikeni hapo, maana nitalirudia.

Kadhalika 'mkahawa' na 'hoteli'. Kiasili mkahawa ni mahali pa kunywea kahawa, na Tanzania hutamka na kuandika 'mgahawa'. Kenya tumelipanua neno 'hoteli' hata likafunika kibanda cha mabati chenye meza mbili, na hivyo mgeni akiambiwa 'kuna hoteli hapo mbele' asidhani atapata kitanda.

Mkahawa tulioelekezwa ulikuwa mzuri, kusema kweli. Hewa ilikuwa baridi, vikombe vilikuwa vizito, na ukutani palikuwa na picha ya jahazi na mlango wa nakshi. Sitautaja jina, kwa sababu kosa ninalolisimulia si lake peke yake na, kama mtakavyoona, lilikuwa langu pia. Tukapewa menyu. Yote ilikuwa kwa Kiingereza, kuanzia jalada hadi bei. Kati ya ukurasa wa mayai na ukurasa wa maji ya matunda palikuwa na sehemu iliyotangazwa kuwa ni mlo wa asubuhi wa Waswahili. Nikaanza kuitafuta. Mahamri hayakuwapo. Palikuwa na kitu kilichopewa jina la ule mkate mtamu wa Marekani wenye tundu katikati, ila huu eti ni wa nazi. Mbaazi nazo hazikuwapo. Nilipowasomea wenzangu kwa kutafsiri neno kwa neno, ilikuwa hivi: njegere za njiwa ndani ya maziwa ya nazi.

"Njiwa kaingiaje?" akauliza Sheikh. "Mimi sili mabaki ya ndege."

Tulicheka hadi meza ya jirani ikageuka. Lakini nilipoacha kucheka niliitazama tena ile sentensi, na nikaona ni kiasi gani cha ujuzi kimemwagika njiani.

Chukua 'maziwa ya nazi'. Mswahili hana maziwa ya nazi, ana tui. Na tui si moja. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ambaye hapa hali majani bali ni kibao chenye meno ya chuma. Machicha hukamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui zito la kwanza, lisilotiwa maji, ni kasimile. Likitiwa maji na kukamuliwa tena hupatikana tui jepesi. Mbaazi huiva kwa tui jepesi, na kasimile hutiwa mwishoni ili chakula kiwe kizito na kishike hamri. Mpishi akisema 'maziwa ya nazi' amepoteza hatua mbili za upishi kabla hajawasha moto.

Rudi nyuma zaidi, kwenye nazi yenyewe. Tunda hilo huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu la kunywa maji yake, likawa koroma, kisha ndipo likawa nazi. Anayeita yote hayo kwa jina moja hawezi kumtuma mtoto mnazini akaleta kinachotakiwa. Majina hayo ni vipimo vya umri, na watu walioyaunda walihitaji kujua siku ya kuangua.

Na 'mahamri'? Ndani ya neno hilo mmekaa hamira, kitu kinachoufanya unga uumuke, na asili yake ni Kiarabu. Mtu akisikia 'mahamri' anajua kwamba unga uliumuliwa, si kukandwa tu. Kisha anatazamia iliki. Umoja wake ni 'hamri', ingawa wengi siku hizi husema 'mahamri moja', kosa linalotokana na kuyaona mengi kila mara. Ndugu zake wa mezani ni kaimati, jina lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo, na hakika kaimati ni vitonge vidogo. Kuna mkate wa sinia, unaoitwa kwa chombo chake. Kuna viazi vya karai, vinavyoitwa kwa kikaango chao, jina na chombo vyote kutoka Bara Hindi. Jina la chakula cha Pwani mara nyingi ni maelezo ya namna kilivyopikwa. Ukilifuta jina, umefuta na maelezo.

Mhudumu alikuja, kijana wa miaka ishirini na ushei, shati jeupe. Alitusalimu kwa Kiingereza. Na hapa naomba msomaji anisamehe, maana sina budi kusema kweli. Mimi, profesa wa Kiswahili, niliyekuwa nimetoka kuhutubia meza nzima kuhusu kasimile, nilimjibu kwa Kiingereza. Nikaagiza kwa Kiingereza. Niliitamka ile njegere ya njiwa bila kupepesa jicho. Ulimi ulikwenda wenyewe, kwa sababu mahali palikuwa pazuri, na miaka mingi imenifundisha kwamba mahali pazuri huzungumzwa Kiingereza.

Dada aliweka miwani mezani. Hakunikemea. Alimgeukia tu yule kijana, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hujambo? Mimi naomba hamri mbili na mbaazi. Zina kasimile ya kutosha?"

Uso wa kijana ulibadilika. "Sijambo, mama. Shikamoo. Zina kasimile, lakini waliopika leo wameipunguza. Nikuulizie jikoni wakuongezee?" Kisha akaeleza ni zipi zimepikwa asubuhi hiyo na zipi ni za jana zilizopashwa moto, akamshauri Sheikh aache chai ya mfuko aombe ya tangawizi iliyochemshwa, na akatuambia kwamba yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, na nyanyake huuza vitumbua. Yote hayo hayakuwamo katika menyu. Yalikuwamo kichwani mwake, yakisubiri kuulizwa kwa lugha yake.

Nilimwuliza kwa nini hakutusalimu kwa Kiswahili tangu mwanzo. Alijibu, "Mzee, wageni wa hadhi huongeleshwa Kizungu. Ukiwaongelesha Kiswahili wengine huona umewashusha."

Hapo ndipo lilipo jambo zito katika makala haya. Mnakumbuka nilisema 'hadhi' ni heshima anayopewa mtu akiingia. Katika mji huu, kijana huyu amefundishwa kwamba kumheshimu mgeni ni kumficha lugha yako. Na mimi nilikuwa nimeingia nikathibitisha kwamba amefundishwa sawa.

Ajabu ni kwamba jambo hili linatokea Mombasa, si kwingine. Hapa ndipo Johann Ludwig Krapf alipofikia mwaka wa 1844, na kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka 1882 imejaa maneno ya Kimvita. Hapa ndipo wajumbe wa nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza walipokaa mwaka wa 1928 kuamua ni lahaja gani iwe msingi wa usanifishaji. Walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja, na Sheikh hajaacha kutukumbusha ushindi huo. Watu wa Mvita walipoteza siku hiyo, lakini hawakupoteza lahaja yao. Ukitembea Mji wa Kale utaisoma barabarani: Ndia Kuu, yaani Njia Kuu. Wazee bado watakuambia 'mui' badala ya mji na 'mai' badala ya maji.

Kisheria pia hatuna kisingizio. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Kenya. Nje ya mipaka, mambo yamekwenda mbio: SADC ilikikubali mwaka wa 2019, UNESCO ikakitengea tarehe 7 Julai kwa azimio la mwaka wa 2021, na Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka wa 2022. Tumekivisha suti Kiswahili tukakipeleka Addis Ababa, lakini hatujakikaribisha mezani Mombasa saa mbili asubuhi.

Nisieleweke vibaya. Sitetei utakaso. Anayetaka kuondoa kila neno la kigeni katika mlo wa Mswahili ataondoka na njaa. 'Meza' ni ya Wareno. 'Chai' ilitoka China ikapitia kwa wengi kabla haijatufikia. 'Kahawa', 'sukari', 'sahani' na 'sufuria' ni za Kiarabu. 'Chapati' na 'bajia' ni za Bara Hindi. 'Markiti' yenyewe ni Kiingereza kilichovua koti. Nayo 'hoteli' na 'menyu' yamekwisha kuwa yetu, na sioni aibu kuyaandika. Kuna tofauti kubwa, hata hivyo, kati ya kukopa na kufuta. Mswahili alipokopa chai, alipata kitu na jina ambalo hakuwa nalo. Anayeita mbaazi njegere za njiwa hajakopa chochote. Alikuwa na jina, akalitupa, akachukua jingine ambalo hata anayelisoma halielewi. Mtalii naye hafaidiki: amesafiri maelfu ya kilomita ili ale kitu asichokuwa nacho kwao, akapewa jina la kitu alicho nacho.

Dawa si ngumu, wala haihitaji kamati. Menyu iandikwe mahamri, mbaazi za nazi, kaimati, viazi vya karai, kisha chini yake, kwa herufi ndogo, yafuate maelezo kwa Kiingereza, Kijerumani au Kichina kwa anayehitaji. Waitaliano hawakutafsiri pitsa. Dunia nzima imejifunza kuitamka. Mhudumu aanze kwa Kiswahili, na ageuze tu anapoona mgeni hakifahamu. Nasi wateja tuna sehemu yetu. Tuseme 'naomba' au 'niletee tafadhali' badala ya 'nataka', maana 'nataka' humkwaruza anayeambiwa. Tuagize, tuulize kilichopikwa, na tukimaliza tuombe hesabu. Maneno yote tunayo. Kinachokosekana ni ulimi wa kuyatoa mahali penye zulia.

Nimalizie na mbaazi, kwa kuwa ndizo zilizonifedhehesha. Methali yasema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Angalia upatanisho wa kisarufi. Mbaazi tunazokula ziko katika ngeli ya I-ZI: mbaazi imeiva, mbaazi zimeiva. Lakini methali haikusema 'ikikosa', imesema 'ukikosa'. Kiambishi U- kinatuonyesha kwamba hapa si punje inayozungumziwa bali ni mmea wenyewe, ulio katika ngeli ya U-I. Punje haina lawama. Mmea ndio uliopaswa kuchanua, nao ukaelekeza kidole juu angani.

Kwa miaka mingi nimekuwa mbaazi huo. Nimeandika kwamba Kiingereza kimekibana Kiswahili, kwamba shule zimekitelekeza, kwamba wenye mahoteli wamekidharau. Huenda yote ni kweli. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyenilazimisha. Jua lilikuwa lile lile lililomwakia Dada, naye akachanua.

Tuliporudi Biashara Street kuchukua doti zake, yule kijana wa dukani aliuliza kama tulipata tulichokitaka. Nikamwambia tulikula brekifasti, lakini kesho, kabla sijapanda gari moshi, nitakuja kunywa chai pale nyuma.

"Njoo mapema basi, ami," akasema. "Mbaazi huisha saa tatu."